Bell wa Karamoja na Risasi Nyembamba

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii tuliisoma darasani tangu shule ya msingi, lakini mimi sikuielewa sawasawa mpaka mwaka huu, nilipoyasoma maisha ya mwindaji mmoja kutoka Scotland aliyeangusha ndovu zaidi ya 1,000 kwa risasi nyembamba kama kalamu ya risasi. Ndiyo, ndugu msomaji, umesoma vizuri. Kalamu ya risasi, ile unayoichonga kila asubuhi kabla ya hesabu.

Ilikuwa hivi. Chama chetu cha Kiswahili kilitutaka kila mwanachama alete maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki. Wenzangu wakakimbilia majina yale yale ya wanasiasa na washairi. Mimi nilikuwa nimeokota kitabu kikuukuu katika kabati la nyuma la maktaba, jalada limebanduka na kurasa zimeliwa na mende. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza kilichochapwa mwaka 1923 kuhusu safari za mwindaji wa ndovu. Nilitaka kukirudisha mahali pake, lakini jicho langu likanasa jina moja: Mumias. Mumias hii yetu ya miwa! Basi nikaketi sakafuni pale pale nikasoma mpaka kengele ya chakula ikalia, na chakula chenyewe nikakikosa.

Nilipoenda nyumbani likizoni nilimsimulia babu yangu habari hizo. Babu alikuwa askari wa gemu, kama walivyoitwa wakati huo, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Anachechemea mguu wa kushoto hadi leo. Nilidhani atafurahi. Lakini wapi! Alinisikiliza kimya, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia nisithubutu kuandika kwamba risasi ndogo inatosha kumwangusha ndovu. Akasema nikiandika hivyo nitakuwa nimesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo iliyomvunja mguu. Makala hii, basi, ni jaribio langu la kuisema kweli yote. Tutaanza na Bell, na mguu wa babu utafuata.

Jina lake kamili lilikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh katika jamaa yenye mali. Mali haikumzuia kuonja uyatima: mama alifariki akiwa mtoto mchanga asiyejua kusema vizuri, na baba akafuata kabla kijana hajafika umri wa kuingia darasa la pili kwa hesabu yetu. Akalelewa na kaka zake, na hawakuweza naye. Shuleni hakukaa. Akiwa na miaka 13 alitoroka akaenda kufanya kazi melini. Wazo lililokuwa kichwani mwake lilikuwa moja tu, nalo ni Afrika na ndovu. Walimu wetu wasidhani ninawashauri wenzangu watoroke shule. Ninaeleza tu yaliyotokea.

Akiwa na miaka 16 aliteremka Mombasa. Wakati huo Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kwenda Uganda, ile iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Simba walikuwa tishio kubwa njiani, na kijana Bell akapata kazi ya kuwalinda watu na mizigo. Nisije nikaeleweka vibaya: si yeye aliyewaua wale simba wawili mashuhuri wa Tsavo wa mwaka 1898. Huyo alikuwa Patterson. Bell alikuwa mvulana tu mwenye bunduki ya kutia risasi moja moja. Ukipiga, unaifungua, unatoa ganda, unatia nyingine, unafunga. Na simba bwana hana subira ya kukungoja umalize shughuli hiyo. Nadhani hapo ndipo alipojifunza somo lake la kwanza, kwamba risasi inayohesabika ni ile ya kwanza.

Fedha zilipokwisha alirudi kwao, kisha akavuka bahari hadi Kanada wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Klondike. Dhahabu hakuipata, lakini akawa anawinda na kuwauzia nyama wachimbaji wa mji wa Dawson. Mwenzake katika biashara hiyo akatoweka na fedha zote. Mjini fedha, porini fedha, na binadamu ni yule yule. Bell akajiandikisha katika jeshi la wapanda farasi wa Kanada lililopelekwa Afrika Kusini kupigana na Makaburu. Huko farasi wake alipigwa risasi, naye akatekwa, lakini akatoroka na kurudi kwa wenzake.

Hapa ningependa tusimame kidogo. Makaburu wale walikuwa wakitumia bunduki za Kijerumani aina ya Mauser, zenye risasi ya kipenyo cha milimita 7. Risasi hiyo ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa ajili ya vita, si kwa uwindaji. Waingereza waliionja uchungu wake. Miaka michache baadaye Bell atachagua risasi ya aina hiyo hiyo, ile iliyokuwa mikononi mwa adui zake, aende nayo kuwinda mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu.

Vita vilipomalizika mwaka 1902, Bell alibaki Afrika. Sasa tunarudi Mumias. Zamani zile Mumias ulikuwa mji wa kupigiwa mfano. Misafara mingi ya biashara iliyoelekea nchi ya Waturkana, ziwa tuliloliita baadaye Ziwa Turkana, na mipaka ya Uhabeshi ilianzia hapo. Waswahili kutoka pwani ndio waliokuwa mabingwa wa njia hizo. Walikwenda na nguo, shanga na nyaya, wakarudi na pembe. Nilipoyasoma hayo nilipigwa na butwaa, maana mimi hupita Mumias kila nikienda kwa mjomba na sijawahi kuona hata bango moja la kutukumbusha.

Kaskazini mwa Mumias, ng'ambo ya Mlima Elgon, ndiko iliko Karamoja, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Serikali ya kikoloni ilikuwa haijaketi huko. Hapakuwa na leseni wala polisi. Palikuwa na Wakaramojong na ng'ombe zao, na ndovu madume wenye pembe nzito. Bell aliingia huko na wapagazi wake, akafanya jambo la busara: akatangaza kwamba atatoa ng'ombe kwa habari zitakazomwezesha kuwaua madume. Kwa mfugaji hiyo si zawadi ndogo. Habari zikaanza kumiminika. Akapata na rafiki mkubwa, Mkaramojong aliyeitwa Pyjale, mpiga mkuki hodari na mjuzi wa nyayo, ambaye alifuatana naye kwa miaka. Nyama yote waliachiwa wenyeji. Yeye alichotaka ni pembe. Kwa sababu ya miaka hiyo watu walimpachika jina la Karamoja Bell, nalo likamganda hadi kaburini.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari, yaani risasi.

Wawindaji wa wakati ule waliamini kwamba mnyama mkubwa anataka risasi kubwa. Walibeba bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo 6 hivi. Mojawapo ya hizo ilirusha kichwa cha risasi chenye kipenyo cha karibu milimita 15 na uzito wa gramu 48 na zaidi. Ukiifyatua, kitako kinakupiga begani kama teke la punda. Bell alizijaribu bunduki nzito, akaziacha. Safari yake ya kwanza ya ndovu aliimaliza kwa bunduki ya .303, ile ile ya askari wa Kiingereza, na akapata ndovu 63. Baadaye akahamia kwenye ile ya milimita 7 iliyotengenezwa na fundi Rigby wa London. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11.2 tu. Linganisha: gramu 11 kwa gramu 48! Hata hivyo, ndovu wapatao 800 kati ya wote aliowaua walianguka kwa kijirisasi hicho.

Mwalimu wetu wa Fizikia alinisaidia kulielewa jambo hili, na ningependa nanyi mlielewe. Chukua msumari mrefu na chukua mchi wa kutwangia. Vigonge vyote viwili kwenye ubao. Msumari utazama, mchi utabakia juu. Kinachopenya si uzito peke yake, bali uzito ukilinganishwa na upana wa ncha. Nilipiga hesabu mwenyewe: ukigawanya uzito wa risasi ya Bell kwa eneo la duara la ncha yake, unapata takriban gramu 0.27 kwa kila milimita mraba. Ukifanya vivyo hivyo kwa ile risasi kubwa unapata gramu 0.28. Kumbe karibu sawasawa! Risasi ya Bell ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ndefu, na urefu huo ndio uliobeba uzito nyuma ya ncha.

Lakini wembamba na urefu havitoshi. Kuna aina mbili za risasi ambazo ni lazima tuzitofautishe. Ya kwanza ni laini: risasi nyeusi imeachwa wazi kwenye ncha, na ikigusa mwili hupanuka kama uyoga. Hiyo hufaa kwa swala, kwa kuwa hufanya jeraha pana na mnyama hufa upesi. Ukimpiga nayo ndovu kichwani, itapasuka juu ya mfupa kabla haijafika popote. Ya pili ni ngumu: imevikwa ganda la chuma mwili mzima, na ncha yake ni ya mviringo. Hiyo haipanuki. Hupita katika mfupa na nyama ikiwa imenyooka. Bell kwa ndovu alitumia hiyo ngumu peke yake, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Risasi yenye ncha kali kama sindano, ingawa inakwenda mbio zaidi hewani, huwa na tabia ya kupinduka ikishaingia mwilini, na ikipinduka haijulikani itaishia wapi.

Tena alijali jambo moja ambalo wengi hulisahau: je, risasi italia? Kuna wakati alikuwa na bunduki ndogo ya milimita 6.5 iliyotengenezwa Austria. Aliipenda kuliko zote kwa uzuri na wepesi wake. Lakini risasi alizouziwa zilikuwa mbovu, naye akaiacha. Fikiria umesimama hatua 20 kutoka kwa dume la ndovu, unafyatua, unasikia tik! Basi. Uzuri wa bunduki hapo utakusaidia nini?

Hayo yote bado ni nusu ya habari. Nusu ya pili haimo katika bunduki, imo katika kichwa cha ndovu. Fuvu la ndovu ni kubwa kama pipa, lakini sehemu kubwa ya hilo pipa ni mifupa yenye vishimo vishimo vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe una kilo 4 au 5 hivi, nao umejificha chini na nyuma, mahali ambapo mgeni hawezi kupadhania. Mtu akilenga paji la uso kama anavyolenga paji la binadamu, risasi itapita katika lile sega, na ndovu atageuka na kukimbia, au atageuka na kukukimbilia. Bell alifanya nini? Alichukua fuvu akalipasua katikati kwa msumeno, toka juu hadi chini, akaketi na karatasi na penseli akachora. Alichora ubongo ulipo ukimtazama ndovu kwa mbele, kwa ubavu, na kwa nyuma. Akajua kwamba hata ndovu anayeondoka anaweza kupigwa kwa mshazari kutoka nyuma, risasi ipite katika misuli ya shingo hadi kwenye ubongo. Mpaka leo wawindaji huuita mpigo huo kwa jina lake.

Nilipoiona michoro ile kitabuni nilikumbuka michoro ya Baiolojia ninayochora huku nikipiga miayo. Huyu bwana hakupiga miayo. Kukosea kwa nukta moja kwake kulikuwa ni kufa.

Bunduki yake haikuwa na teke kubwa, kwa hiyo hakuiogopa. Asiyeiogopa bunduki hafumbi macho wakati wa kufyatua. Mlio wake pia ulikuwa mdogo, na mara nyingi kundi zima halikushtuka mmoja wao alipoanguka. Tena ilikuwa nyepesi, na wepesi ni jambo kubwa kwa mtu anayetembea. Bell alikisia kwamba kwa kila dume aliyemwua alitembea kilomita 117 kwa wastani, na kwa mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Si mchezo. Kila risasi aliyopiga aliiandika daftarini, maana kwake hiyo ilikuwa biashara, na mfanyabiashara asiyeweka hesabu hufilisika. Hesabu yake ya mwisho ilikuwa ndovu 1,011, majike 28 na wengine wote madume.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Alifika Lado, kipande cha nchi kando ya Mto Nile kilichokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambacho mfalme huyo alipokufa mwaka 1909 kilijaa wawindaji wa kila namna kabla Sudan haijakichukua mwaka 1910. Aliwinda Liberia na Kongo ya Wafaransa. Katika misitu ya Afrika Magharibi alifikia hata kuwapiga nyati wa msituni kwa risasi ya mbio yenye kipenyo cha milimita 5.8 tu. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka akawa rubani, akapelekwa Tanganyika kupeleleza kwa ndege, na inasimuliwa kwamba wakati mwingine alikataa kuchukua mwenzake ndegeni ili apate nafasi ya kutumia bunduki yake ya kuwindia. Akatunukiwa nishani. Mwishowe alitulia Scotland na mkewe Katie, huko milimani, akawa anawinda kulungu wekundu kwa risasi nyingine nyepesi sana iliyotoka Marekani mwaka 1935, yenye gramu 3 hivi lakini inayokwenda zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Alifariki mwaka 1954.

Sasa nije kwenye mguu wa babu.

Mwaka 1975 babu alikuwa na miaka 23. Mgeni mmoja tajiri alikuja kuwinda nyati kwa leseni, na babu na mwenzake wakapewa kazi ya kufuatana naye. Mgeni alikuwa na bunduki kubwa ajabu, mpya, inayong'aa. Alikuwa ameifyatua mara mbili tu maishani mwake, na bega lilikuwa bado jeusi kwa michubuko. Walipomfikia nyati, mgeni akalenga, akafumba macho, akafyatua. Risasi ile kubwa, ambayo ingeweza kumwangusha nyati wawili, ikampata tumboni. Nyati akaingia kichakani. Mgeni akarudi garini kupumzika.

Askari wawili wakabaki na kazi ya kumfuata, maana sheria na utu vyote vilisema mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Wakalala porini. Asubuhi ya pili nyati alikuwa amezunguka na kuwangoja kando ya njia yake mwenyewe, kama nyati wafanyavyo. Babu alisikia kishindo, hamadi! akajikuta hewani. Mwenzake alimaliza kazi kwa bunduki ya zamani ya .303, risasi mbili, hatua 5. Babu alikaa hospitali miezi mitatu. Mgeni alikwisha panda ndege.

Nikasema basi babu, si unaona? Bell alikuwa na haki, bunduki kubwa haina maana. Babu akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba katika miaka yake ya kazi aliwafuata wanyama wengi waliojeruhiwa, na wengi wao walikuwa wamepigwa na watu waliosikia hadithi za Bell. Watu hao walibeba bunduki ndogo kwa sababu Bell alibeba bunduki ndogo. Fuvu hawakulipasua, na wala hawakutembea zile kilomita 117. Walipiga kwa mbali, jioni, kwa haraka, kwa risasi laini ya swala. Mnyama hakufa wala hakupona. Alizunguka na usaha mwilini hadi siku alipokutana na mama anayeteka maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sheria zinasema zinavyosema. Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo, sheria haimruhusu mtu kumwinda mnyama wa hatari kwa bunduki yenye kipenyo chini ya .375, yaani milimita 9.5. Huko kwao Scotland, sheria ya mwaka 1985 iliweka uzito wa chini wa risasi ya kulungu wakubwa, na ile risasi ya gramu 3 aliyoipenda Bell uzeeni haifikii kiwango hicho hata kidogo. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya mtu kama Bell. Zilitungwa kwa ajili yetu sisi wengine, ambao mkono hutetemeka. Risasi nzito kidogo huacha nafasi ya kosa dogo. Lakini haiachi nafasi ya kosa la kufumba macho.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza leo ni risasi gani inafaa kwa mnyama gani, nitamjibu kama babu alivyonifundisha. Kwanza mjue mnyama: moyo wake uko wapi, ubongo uko wapi, mfupa gani umekaa njiani. Pili jijue mwenyewe: ni umbali gani unaoweza kupiga bila kubahatisha, na ni bunduki gani unayoweza kuifyatua macho wazi. Tatu ijue risasi: je, inapanuka au inapenya? Ukishayajua matatu hayo ndipo utazame ukubwa, na usishuke chini ya ule unaotakiwa na sheria. Bell alianza na mnyama akamalizia na risasi. Wengi wetu huanza na risasi, na mnyama tukamkuta baadaye.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito. Nilimstahi Bell nilipokuwa nikisoma, siwezi kuficha. Lakini kila nilipofunga kitabu ile namba ilinirudia: 1,011. Yeye hakuvunja sheria ya Karamoja kwa kuwa sheria haikuwapo, na hakutesa wanyama, pengine kuliko wawindaji wote wa wakati wake. Hata hivyo pembe zile zilikwenda kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya. Ustadi ule wote, kwa ajili ya vibonye! Waliokuja baada yake hawakuwa na ustadi bali walikuwa na bunduki za rashasha, nasi tukafika mahali ambapo serikali yetu ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, ili kuuambia ulimwengu kwamba pembe ina thamani ikiwa juu ya ndovu tu.

Likizo iliyopita nilimpeleka babu kwenye mkutano wa kijijini ambapo daktari wa wanyamapori alikuwa akieleza jinsi wanavyowatibu ndovu waliojeruhiwa. Alituonyesha sindano inayorushwa kwa bunduki ya hewa. Dawa iliyomo ni miligramu chache tu, na ndovu dume hulala kwa dakika chache. Alisema kazi kubwa si kurusha. Kazi ni kukisia uzito wa ndovu kwa macho, kuchagua mahali pa kumchoma, na kukaa naye mpaka asimame tena kwa miguu yake. Babu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini kipenyo cha ncha ya sindano ile ni kiasi gani. Nikamwambia haifiki hata milimita 7 za Bell.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimletee habari za mwindaji huyo. Kisha akashika fimbo yake, akasema sasa ninaweza kuandika.